Siku Themanini na Tatu Bila Unga

Sufuria ilikuwa kubwa, ile ya kupikia msibani, na uji ulikuwa umebakiza vidole viwili kufika ukingoni. Walikuwa wameshaiepua, wameiweka kwenye nyasi ipoe. Niliangalia kwanza kama kuna mtoto karibu. Hapakuwa na mtoto karibu. Hilo watu wakisimulia hawalisemi. Nikazungushia kanga mikono yangu, nikashika ukingo, nikasukuma. Ikalala ubavu, na uji wa kliniki nzima ukateremka kwenye majani kuelekea viatu vya wageni.

Wanawake wakaruka. Mgeni mmoja wa mradi, aliyekuwa na kamera, alirudi kinyumenyume mpaka akagonga mzani. Nesi hakusogea. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kikombe cha bati mkononi, mwanangu mapajani mwake, mdomo umezungukwa na uji.

"Una wazimu?" nesi akauliza.

"Nipe mtoto wangu."

Wapo wanaosema nilipiga yowe, nikavua kanga, nikamtukana nesi tusi la mama. Uongo. Nilisema maneno hayo matatu tu. Lakini kwetu Njombe mtu akimwaga chakula mbele za watu hana haja ya kusema kitu, wenzake watamsemea. Miaka imepita, na bado nikienda sokoni kuna mama mmoja ananionyesha kwa kidevu: ndiye yule aliyemwaga uji wa watoto. Ndiye. Na kama ingekuwepo sufuria ya pili, ningeimwaga nayo.

Binti yangu alizaliwa mzima, mzito, mwenye kelele. Alinyonya miezi sita hana tatizo. Kisha tukamwanzishia uji kama kila mtoto, na kuanzia hapo alianza kuisha. Tumbo lilivimba likawa gumu kama boga, mikono ikawa vijiti. Akila anatapika, asipotapika anaharisha. Kliniki walimpima, wakaweka kitone kwenye kadi, wakanionyesha: kimetoka rangi ya kijani, kimeingia kijivu. Dawa yake? Mwongezee uji. Nikaongeza. Mwezi uliofuata kitone kimeingia nyekundu. Nikafokewa mbele ya foleni kwamba namnyima mtoto, kwamba vijana wa siku hizi tunapenda kujipodoa. Nikaongeza tena, nikatia na karanga, nikatia na maziwa. Nilimlisha mwanangu ugonjwa kwa kijiko, asubuhi na jioni, kwa utii mkubwa kabisa. Hasira yangu ya kwanza ilianzia hapo, na ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Mume wangu hakuwepo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko limeachiwa huria, viwanda vinapunguza watu kama mtu anayepogoa mti usiokuwa wake, naye alikuwa miongoni mwa waliopogolewa. Alikwenda Ipelele, huko Makete, kupasua mbao na wenzake. Akirudi mwisho wa mwezi alimwangalia mtoto, akasema, "Wewe ndiye unayekaa naye." Nilikuwa nakaa naye kweli, sisi watatu: mimi, mtoto na mama mkwe, kwenye vyumba vyetu viwili pale mtaa wa Ramadhani.

Nilimpeleka hospitali ya misheni. Nakumbuka daktari alikuwa mwanamke mtu mzima, mvi tupu, na alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: aliniuliza mtoto anakula nini. Wengine wote walikuwa wakiniambia. Nilipomaliza kueleza, akabonyeza lile tumbo kwa vidole viwili.

"Tumbo hili limekataa kitu," akasema. "Sijui ni kipi. Kwa hiyo tutaviondoa vyote, halafu tutavirudisha kimoja kimoja."

Akataja. Mahindi, ngano, mchele, ulezi, mtama, visiguswe. Maharage, njegere, karanga, soya, visiguswe. Maziwa ya ng'ombe, sukari, mafuta ya dukani, visiguswe. Nikamuuliza kwa ukali, maana nilidhani ananidhihaki, sasa huyu ale nini, mawe?

"Ale alichokula mtu kabla hajashika jembe," akasema. "Nyama, samaki, mayai. Mizizi, majani, matunda, asali. Viazi nakuachia, maana nikikunyima viazi hapa Njombe utanikimbia." Kisha hakucheka tena. "Siku tisini. Sio themanini na tisa. Akionja hata kijiko kimoja unaanza kuhesabu upya, kwa sababu sitajua kilichomwumiza ni kipi, na tumbo lake halina nguvu ya kujaribiwa ovyo. Umenielewa?"

Akaandika yote kwenye karatasi, akagonga mhuri, akaibana kwenye kadi kwa pini. Kadi ile ndiyo ilikuwa shahidi wake: uzito wa kila mwezi, nyekundu au kijivu au kijani. Aliniambia nisikose kumpimisha, na siku ya tisini nirudi nayo.

Basi nikaanza.

Mtu wa mahali pengine anaweza kuona ni jambo dogo, kumnyima mtoto unga. Kwetu chakula ni ugali. Umekula nyama na viazi na parachichi ukashiba, mtu akikuuliza umekula, utasema bado, tunasubiri ugali. Mama mkwe nilipomsomea ile karatasi alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na ungo wa mahindi mapajani.

"Kabla ya jembe," akasema. "Na nani alikuwepo? Mimi nimelea tisa kwa jembe."

"Wako wapi wote tisa, mama?"

Nilisema hivyo. Alikuwa amezika watatu, kule kijijini, makaburi yako nyuma ya kanisa. Katika yote niliyoyafanya mwaka ule, hilo ndilo pekee ninalolijutia. Aliendelea kupepeta. Na kwa sababu nilimjibu vile, naye akanijibu kwa njia yake: nilipotoka kwenda kuchota maji, akamlambisha mtoto tonge. Siku ya kumi na moja. Nikajua kabla sijauliza, kwa harufu ya nguo za mtoto. "Kidogo tu," akasema, "cha kumtoa unyonge." Nikafuta siku kumi na moja kwenye kalenda, nikaandika moja.

Nyama niliipatia jikoni kwangu. Nilifuga simbilisi, wale wadogo wanaolia wii, wii chini ya rafu mtu akikatakata majani. Hawana gharama, wanakula maganda, wanazaana haraka. Ninachinja mmoja, nachemsha na viazi na mboga ya mnafu, chumvi, basi. Majirani wakanipa cheo: mama panya. Watoto wao wakipita dirishani wanalia wii, wii. Mama mmoja akaniuliza mbele ya bomba, wanawake wote wamenyamaza kusikiliza, kama mtoto wangu ameshaanza kuota manyoya. Nikamwambia bado, lakini akianza nitamletea ampake mafuta. Walicheka wakimcheka yeye, lakini siku ya pili walirudi kwangu.

Sherehe ndizo zilikuwa vita kabisa. Tuliitwa kijijini kwa wakwe, komunyo ya kwanza ya mtoto wa shemeji. Nikafunga chakula cha binti yangu kwenye bakuli, nikaenda nacho. Shangazi wa mume wangu akakifungua mbele ya watu, akanusa.

"Mwali amekuja na chakula chake," akatangaza. "Anaogopa tutamroga."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa meno tu, huku nimeshika mikono ya mwanangu yote miwili asichukue pilau kwenye sahani ya jirani. Saa nne nzima. Alilia, nikamshika. Watu waliona mama mkatili. Padri mwenyewe alinitazama vile wanavyotazama. Ningefanyaje? Kumweleza kila mtu habari za tumbo? Niliwaeleza wanne wa kwanza, wakaniambia mtoto wa binamu yao alikuwa hivyohivyo akapona kwa uji wa ulezi. Wa tano sikumweleza.

Tuliporudi, niliamua mtoto haachwi tena na mtu. Nilikuwa nachukua mitumba Makambako, mara mbili kwa wiki, naiuza Njombe. Nikaanza kumbeba. Tunaondoka na ukungu, tunafika pale njia panda mabasi yanashindana kwa honi, najipanga kwenye mabelo hadi mchana, na mchana mtu anakula. Chakula cha kwenye bakuli kinapoa kinakuwa kama udongo, na kwa baridi ya kule mtoto anahitaji cha moto. Ikabidi niingie hotelini.

Hoteli ya kwanza nilimwuliza msichana wa kuhudumia kama supu yao ina unga. Akasema haina. Nikamwuliza mara ya pili, tena kwa kumshika mkono: haijatiwa unga wowote? Akaapa. Mtoto akanywa supu. Ndipo nikamwona mpishi nyuma ya pazia akichukua gao la unga wa ngano, akilikoroga kwenye kikombe na maji, akilimimina kwenye sufuria iliyofuata ili iwe nzito. Nikamwita msichana. Hakuwa mwongo, masikini. Aliniambia, huku akinishangaa, "Dada, huo si unga. Huo ni wa kukolezea tu." Kwake unga ni ule unaoupika ukausonga ukashiba. Usiku ule mtoto alitapika hadi nyongo. Siku ya ishirini na sita. Nikafuta, nikaandika moja.

Safari iliyofuata niliingia hoteli nyingine, ya mzee mmoja Mwislamu, mtu wa Kondoa aliyehamia pale na malori. Kofia yake ilikuwa nyeupe mpaka nikaona aibu ya kanga yangu. Nilikuwa nimechoka kuuliza kwa adabu. Nikasimama mlangoni pa jiko, nikasema, "Mzee, nina mtoto ambaye hali nafaka, hali maharage, hali maziwa. Kama utanidanganya niambie sasa hivi niende zangu."

Akanitazama. Akamtazama mtoto, vile vijiti vya mikono.

"Ni haramu kwake?"

"Ni haramu."

"Kaa."

Nikamwambia basi anipe chipsi tu, viazi ni viazi. Akakataa. "Mafuta haya yamekaanga maandazi tangu alfajiri. Hayamfai huyo." Nami nilikuwa nimeshamnunulia mtoto chipsi barabarani mara ngapi, najiona mama mwangalifu. Akachukua sufuria ndogo, akainusa, akairudisha. Akachukua nyingine mpya dukani kwa jirani, akaiosha mwenyewe, akachemsha ndani yake maini na viazi na nyanya, kisu kipya, kijiko kipya. Vijana waliokuwa wakisubiri wali wakaanza maneno.

"Mzee, hiyo sufuria ya mke mdogo?"

"Ya mjukuu. Wewe subiri, ukifa na njaa nitakuzika kwa heshima."

Nilianza kumshukuru, tena nilianza kueleza habari za daktari, siku tisini, karatasi. Akanikatisha. "Binti, mimi siwezi kula chakula kilichotoka kwenye chungu kilichopikiwa nguruwe. Hata wakikiosha kwa mchanga, hata akikiosha nani. Sasa mimi naringa?"

"Huringi, mzee."

"Basi na huyu haringi. Na haramu haina kidogo." Akaweka sahani mezani. "Nyumbani mnampikia kwa mwiko upi?"

Nyumbani tulikuwa na mwiko mmoja. Ule uliosonga ugali wa mama mkwe jana usiku ndio uliogeuza viazi vya mwanangu leo asubuhi, una unga umekauka kwenye nyufa. Mwezi mzima na zaidi nagombana na dunia nzima, na mkononi nimeshika mwiko wenye unga. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata alama nzuri za biolojia. Mpishi wa njia panda ndiye aliyeniambia.

Kuanzia siku ile ile sufuria ndogo ilining'inizwa kwenye msumari wake peke yake, imefungwa uzi mwekundu, na nikifika mzee anaishusha bila kuulizwa. Aliniuliza siku moja nyumbani nampa mtoto nyama gani. Nikasema simbilisi. Akafunga macho. "Hiyo ubaki nayo huko huko kwenu."

Nyumbani nikanunua mwiko, chungu, kisu, sahani, nikavifungia kwenye sanduku langu la shule. Mama mkwe akaona kufuli. Alisema, bila kunitazama, kwamba katika maisha yake amejua wanawake wawili waliofunga vyungu kwa kufuli, na wote wawili walikuwa na sababu mbaya. Nikafunga tu. Nikaandika moja, nikidhani ni mara ya mwisho.

Na mtoto akaanza kurudi. Sitasema mengi. Tumbo lilipungua kwanza, halafu usingizi ukarudi, halafu kelele. Akaanza kunikimbia uani, mimi nafurahi nakimbizwa kama mwendawazimu. Mama mkwe naye aliona. Siku moja nilimkuta anawakatia simbilisi majani.

Tatizo lilibaki kliniki. Pale kila mwezi kulikuwa na mpango wa uji wa lishe. Kila mama anakuja na kikombe cha unga wake, unga wote unachanganywa kwenye sufuria moja, watoto wote wanakunywa, ndipo wanapimwa na kadi zinagongwa mhuri. Mradi fulani ulileta vikombe, soya na maziwa ya unga. Mimi nilipeleka unga wangu kila mwezi kama wengine. Sikutaka kuitwa mchoyo. Ila mtoto wangu hakunywa. Mwezi wa kwanza nilimwonyesha nesi karatasi ya daktari. Aliisoma, nilimwona macho yake yakienda mpaka kwenye mhuri.

"Sisi hapa tunafuata mwongozo," akasema. "Hatufuati vikaratasi."

Lakini aliniachia, kwa kelele. Aliniita mama wa nyama. Akaniuliza mtoto huyu akienda shule ya bweni atapewa simbilisi na nani. Mwezi wa pili kitone kilikuwa kimepanda kijivu, akakiandika mwenyewe kwa kalamu yake, akasema mzani umeharibika. Nilikuwa nahesabu.

Mwezi wa tatu ilikuwa siku ya themanini na tatu. Nilikuta uwanja umefagiwa, benchi zimetandikwa vitambaa, na wageni wawili wa mradi wako kwenye kivuli na kamera. Nesi alikuwa na gauni lililopigwa pasi hadi linakata. Tulipanga foleni. Mara akaniita, akicheka kwa ajili ya wageni: "Mama wa nyama, wewe ndiye mwenye nguvu, hebu tuchotee maji."

Nikamwacha mtoto kwenye mkeka na mama niliyemfahamu. Bomba lilikuwa nyuma ya jengo. Nilijaza ndoo moja. Moja tu.

Nilipogeuka kona, binti yangu alikuwa mapajani kwa nesi, wageni wamechuchumaa mbele yao, na nesi anawaeleza kwamba huyu mama yake ana imani zake, anamnyima nafaka, tazameni basi mtoto alivyo na njaa. Na mtoto alikuwa anakunywa. Alikishika kile kikombe kwa mikono miwili, anakunywa kwa furaha kabisa, maana ni mtoto, na uji ulikuwa na sukari. Kisha aliniona juu ya ukingo wa kikombe. Akaacha kunywa. Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa. Mtoto wa mwaka na miezi minane.

Ndoo niliitua vizuri. Haikumwagika hata tone. Halafu nikaenda kwenye sufuria.

Yaliyofuata mnayajua. Nesi alinirudishia mtoto, lakini kadi ilikuwa mezani, akaiwekea mkono. Akasema kadi haitoki mpaka nije niombe radhi mbele ya akina mama wote, na nilipe unga. Mama yule niliyemwachia mtoto alikuwa analia, anasema angemkatalia vipi nesi.

Nilifika nyumbani, na saa moja haikupita, mtoto akaanza kutapika. Nikamtazama mama mkwe.

"Safari hii si mimi," akasema.

Akaleta beseni, akakaa chini, akamshika kichwa. Tulikaa hivyo zamu kwa zamu siku mbili, na siku ya tatu tukaenda misheni, yeye kambeba mgongoni, mimi nimebeba mzigo. Wakamtundikia maji. Daktari akaja, akasikiliza habari nzima mpaka kwenye viatu vya wageni, na uso wake haukubadilika.

"Tunaanza upya," akasema. "Kesho ni siku ya kwanza. Nipe kadi nilinganishe uzito."

Nikamwambia ilipo. Hapo ndipo uso ulibadilika. Bila ile kadi hakuwa na namba hata moja ya kuonyesha mtoto alikuwa anapanda; alikuwa na mtoto mgonjwa tu na maneno ya mama mwenye hasira.

Nikarudi kliniki, peke yangu, nikaomba kadi. Kwa adabu. Nesi hakuinua kichwa. "Radhi kwanza." Mwenyekiti wa mtaa akaja nyumbani kunishauri: neno dogo tu, mwanangu, samahani haivunji mfupa. Mama mkwe akasema ataenda yeye kuniombea radhi, yeye ni mzee, hana cha kupoteza. Nilijua anatoa kitu kikubwa. Nikamkatalia, safari hii kwa upole. Kama ningeomba radhi, mwezi ujao kikombe kingekuwa kilekile na mapaja yaleyale.

Makambako mzee wa hoteli alishusha sufuria, akaona niko peke yangu, maana mtoto nilimwachia mama mkwe, akairudisha kwenye msumari. Nikamweleza. Alikuwa anakatakata vitunguu, hakuacha.

"Ya mdomo watakuzidi, wao ni wengi," akasema. "Andika. Nakala mbili. Moja wagonge mhuri wamepokea, hiyo usimwachie mtu, hata ukilala ilalie."

Nikaomba karatasi. Akamtuma mtu dukani, zikaja kurasa mbili za fulskapu. Niliandikia pale pale mezani, kati ya chumvi na pilipili, nikanakili mara ya pili. Kesho yake nilizipeleka ofisini kwa mganga mkuu, Njombe. Karani alisoma nusu, akauliza hivi ni mimi niliyemwaga uji ndiye ninayeshtaki? Nikasema ndiye. Akasema niiache tu. Nikasema mhuri. Akasema mhuri uko kwa bosi. Nikakaa kwenye benchi. Nilikaa mpaka watu wa mchana walipoondoka na kurudi, na mhuri ukaonekana kwenye droo yake mwenyewe. Nakala yangu ninayo mpaka leo. Inasema hivi:

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Njombe.

YAH: MALALAMIKO YA MTOTO WANGU KULISHWA BILA IDHINI, NA KADI YAKE KUZUIWA

Mimi ni mama wa mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi minane. Daktari aliagiza kwa maandishi, yenye mhuri, kwamba mtoto huyu asipewe nafaka, jamii ya maharage wala maziwa kwa siku tisini. Karatasi hiyo imebanwa kwenye kadi yake ya kliniki. Nesi wa zamu aliisoma mbele yangu miezi miwili kabla.

Siku ya themanini na tatu nesi huyo alinituma maji, na nilipokuwa bombani alimnywesha mtoto wangu uji wa mahindi, soya na maziwa ili apigwe picha na wageni. Mtoto aliugua na kulazwa. Siku zote themanini na tatu zimepotea.

Nakiri kwamba nilimwaga sufuria ya uji. Unga niliomwaga wa akina mama wenzangu nimewarudishia, kikombe kwa kikombe, kila mmoja nyumbani kwake. Hao nimewaomba radhi. Nesi sijamwomba na sitamwomba.

Naomba kadi ya mtoto irudishwe pamoja na ile karatasi, ikiwa kama ilivyokuwa. Naomba maagizo ya daktari yaliyobanwa kwenye kadi yoyote yasomwe na kufuatwa. Naomba mtoto yeyote asinyweshwe kitu pale kliniki mama yake akiwa hayupo, hata kama wageni wamekuja.

Leo mwanangu yuko siku ya tano. Nitakuja kufuata jibu kwa maandishi kila Jumatatu asubuhi. Nitakuja naye, na chakula chake nitakuja nacho.

Mama yake mzazi,
Ramadhani, Njombe.